Harusi ya Goma na Butembo

Mwaka 2025 wengi wanauhesabu kwa tarehe za vita. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwisho wa Januari, Bukavu katikati ya Februari. Sisi tunauhesabu pia kwa harusi zilizoahirishwa na vilio ambavyo hatukufika.

Jirani yetu wa Goma alikuwa anaoza kijana wake kwa binti wa Butembo. Zamani ilikuwa safari ya njia moja, Rutshuru hadi Lubero. Mwaka 2025 mstari wa mapigano ulikata barabara, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Aliyetaka kufika Butembo alitoka Kongo, akapita Uganda, kisha akaingia tena Kongo kwa Kasindi. Kutoka nyumbani, kupitia ugenini, kurudi nyumbani! Nauli ya ukoo mzima haikupatikana, wakatumwa watu watatu.

Mahari nayo ilikuwa kazi. Benki za Goma zilipofungwa, pesa ilipita kwa simu, na aliyetaka noti mkononi alimwachia wakala sehemu yake. Noti zenyewe zilikuwa zimechakaa hadi muuza sombe alizikataa. Likelemba yetu ndiyo iliyotoa kilichopungua. Shangazi alimpa bibi harusi mashauri kwa simu. Mtandao ukakatika katikati, binti akabaki na nusu. Tulicheka, maana kulia tulikuwa tumechoka.

Kilichobaki ni muziki. Tangu 2014, Tamasha la Amani liliwakusanya vijana wa Kongo, Rwanda na Burundi wacheze pamoja Goma, mwezi wa Februari. Februari 13, 2025, mwimbaji Delcat Idengo aliuawa kwa risasi mjini humo, akiwa anarekodi video. Tangu siku hiyo, mama akisikia kijana wake anatunga wimbo, anauliza kwanza: “Unasema nini ndani yake?” Mimi pia nimemuuliza wangu, na sikupenda sauti yangu nilipouliza. Kwa harusi ile kijana wa kwaya alitaka kuimba juu ya barabara tu. Wazee walijadiliana jioni nzima, halafu wakamruhusu ubeti mmoja.

Desemba 4 marais wa Kongo na Rwanda walitia sahihi Washington. Haikupita wiki, Uvira nayo ikaanguka, familia nyingi zikavuka Burundi. Bibi harusi bado yuko Butembo, na vitenge vya wakwe vimeshonwa tayari, viko ndani ya sanduku hapa Goma.