Lango la Nyumba Nalo ni Barabara

Wengi wetu tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Maneno haya huwafariji wafiwa, lakini tukiyasema kila siku yanatufanya tukae tukingoja tu. Malaria ina kinga, kipindupindu kina kinga, na ajali nyingi nazo zina kinga. Mwezi huu tuitazame ajali ambayo huanzia nyumbani kwetu wenyewe: ile itokeayo kwenye lango la ua, hasa kwa nyumba zilizo karibu na njia panda.

Sisi wa Mbeya na Iringa jambo hili linatuhusu sana. Barabara kuu iendayo Zambia inapita katikati ya makazi yetu. Pale Ipogolo inaachana na barabara ya kupanda Iringa mjini. Pale Uyole inaachana na ile ya Tukuyu na Kyela, iendayo hadi mpaka wa Malawi. Malori yatokayo bandarini Dar es Salaam hupita hapo hapo wanapovuka watoto wa shule na wanapouzia ndizi akina mama.

KWA NINI NJIA PANDA?

Kwanza, dereva aliye njia panda ana mambo mengi ya kutazama. Anaangalia magari ya kulia, ya kushoto na ya mbele, na hatarajii kabisa gari kutokea kwenye ua wa mtu.

Pili, taa zinadanganya. Ukiwasha taa ya kukata kushoto ili uingie kwako, na njia panda iko hatua chache tu, aliye nyuma yako hudhani unaingia kwenye barabara ile nyingine. Wewe unapopunguza mwendo, yeye hajajiandaa. Bodaboda naye hupenya kushoto kwako, na hapo ndipo unapomgonga.

Tatu, daladala husimama karibu na njia panda kuchukua abiria. Linapokuwa limesimama, anayetoka getini haoni kinachokuja nyuma yake.

Nne, nchi yetu ni ya milima. Lori zito likishuka mteremko mrefu huku dereva akikanyaga breki muda wote, breki hupata moto na kuacha kushika. Ndiyo maana dereva mwenye busara huweka gia ndogo kabla ya kuanza kushuka. Tarehe 1 Julai 2018, katika mteremko wa Iwambi, Mbeya, lori liliyagonga magari ya abiria na watu wapatao 20 wakafa. Tarehe 5 Juni 2024, eneo la Simike katika jiji hilo hilo, lori lililoshindwa breki liliua watu 13. Lori la namna hiyo haliwezi kukusubiri umalize kutoka getini.

TUFANYE HESABU

Sheria inataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Kwa mwendo huo gari husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Likienda kilomita 80, husafiri mita 22. Tuseme unahitaji sekunde 7 kutoka getini na kukaa sawa barabarani. Katika muda huo gari la kilomita 50 limekuja karibu mita 100, na la kilomita 80 limekuja zaidi ya mita 150, yaani uwanja wa mpira na karibu nusu yake. Simama kwenye lango lako leo utazame. Je, unaona umbali huo pande zote mbili? Kama huoni, lango hilo ni la hatari.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Ingia kinyumenyume, utoke ukitazama mbele. Anayerudi nyuma kuingia barabarani haoni vizuri. Kama barabara ina magari mengi, geuzia ndani ya ua.

2. Lango lifungukie ndani, tena liwe nyuma ya barabara kiasi cha gari zima kusimama likisubiri kufunguliwa.

3. Punguza michongoma, ondoa marundo ya matofali na mchanga, na usiruhusu genge kujengwa kwenye kona ya ua.

4. Ukitoka, ni salama zaidi kukata kushoto, hata kama itabidi ugeukie mbele. Kukata kulia ni kuvuka magari ya pande mbili.

5. Ukitaka kuingia nyumbani, washa taa baada ya kuipita njia panda, na punguza mwendo polepole.

6. Kabla ya kuwasha gari, hesabu watoto. Mtoto mdogo aliyechuchumaa nyuma ya gari haonekani kwenye kioo. Mtu mzima amshike mkono mpaka gari liondoke.

7. Wakati wa ukungu au mvua washa taa za mbele, na mtu mmoja asimame nje kukuongoza.

IKITOKEA AJALI

Piga simu 112. Zuia magari mengine kwanza, wasije wakagongwa waokoaji. Majeruhi asiinuliwe ovyo, maana uti wa mgongo unaweza kuwa umeumia; aondolewe tu kama kuna moto au hatari nyingine. Damu ikitoka kwa wingi, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Asipewe chakula wala kinywaji. Wakati wengine wanampeleka hospitali, mmoja aende polisi kuchukua PF3.

TUSHIRIKIANE

Yako mambo yasiyowezekana kwa mwenye nyumba peke yake. Matuta, alama na vivuko huombwa TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, na TARURA kwa barabara za mitaa. Mwombe mwenyekiti wa mtaa aitishe kikao, na barua iandikwe kwa jina la wote. Kwa anayetaka kujenga, akumbuke kwamba tangu sheria ya mwaka 2007 hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Aulize kwanza, kabla hajachimba msingi.

Kusogeza lango kunagharimu fedha. Kukata michongoma kunahitaji panga na nusu siku tu. Tuanze na hilo Jumamosi hii.