Mapacha Wasizaliwe Njiani

Wifi yangu wa Hulugho ana mimba ya mapacha. Mama yangu ameshawapa majina: wakiwa wavulana, Hassan na Hussein, wakiwa wasichana, Fatuma na Zahra. Kaka naye anahesabu mbuzi wa akika, wawili kwa kila mvulana, mmoja kwa kila msichana. Furaha hiyo ni yangu pia. Lakini mimi nauza madera Garissa mjini, na wagonjwa wa ukoo hufikia kwangu, kwa hiyo swali langu ni jingine: mimba ikiingia mwezi wa nane, wifi atakuwa wapi?

Mapacha hawangoji tarehe. Zaidi ya nusu yao huzaliwa kabla ya wiki 37. Kutoka Hulugho hadi hospitali ya rufaa ya Garissa ni mwendo mrefu, sehemu kubwa vumbi tupu, na mvua ikishuka magari hukwama. Novemba 2023 mafuriko yalikata hata barabara ya lami ya Nairobi pale Madogo, watu wakavushwa kwa boti.

Mama hakukubali mara moja wifi ajifungulie hospitali. "Nyote niliwazaa nyumbani, na mko hai," aliniambia. Ni kweli, nikamjibu, lakini ulizaa mmoja mmoja. Mfuko wa uzazi uliobeba wawili hutanuka sana, na baada ya kujifungua unaweza kushindwa kujikaza. Hapo damu humwagika kwa kasi. Tena wa kwanza akishatoka, wa pili anaweza kukingama. Mkunga wa kijijini, hata awe hodari vipi, hana damu ya kuongeza wala chumba cha upasuaji.

Kinachoniumiza zaidi ni chakula. Kwetu wanawake wengi hupunguza kula miezi ya mwisho ili mtoto awe mdogo, wakiogopa kupasuliwa. Wifi alikuwa ameacha nyama, na maziwa ya ngamia anayaonja tu. Kliniki, muuguzi alimvuta kope la chini akaniita nitazame: ndani palikuwa peupe, wekundu hamna. Vidonge vya kuongeza damu alikuwa navyo, amevifunga kwenye pindo la shashi, kwa sababu vinamtia kichefuchefu. Muuguzi hakumgombeza. Alimwambia avimeze usiku baada ya kula, na asivimeze na chai, maana chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Sisi tunaokunywa chai ya maziwa kutwa nzima tungejuaje hilo?

Sasa tumepanga. Kaka atauza mtamba sokoni kwa ajili ya nauli na matumizi. Amemwandikisha wifi bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Vijana wawili wa nyumbani wamekubali kutoa damu ikihitajika. Na mwezi wa saba ukiisha, wifi anahamia kwangu, mvua iwepo isiwepo.

Wakizaliwa wadogo sana, wauguzi watatuonyesha jinsi ya kuwabeba kifuani, ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Joto la mwili huwasaidia watoto njiti kukua, na si lazima liwe la mama mzazi peke yake. Watoto wawili ni kazi ya usiku na mchana. Mama amesema zamu ya alfajiri ni yake.