Kashata za karanga na kakao bila sukari: Mtaji mdogo, hesabu kali

Na Mwandishi Wetu

KASHATA ni biashara ya siku nyingi. Haihitaji mashine, haihitaji duka, na mteja wake anapatikana popote penye kijiwe cha kahawa. Tatizo lake ni moja tu, sukari. Kashata ya kawaida ya karanga huwa karibu nusu kwa nusu, karanga na sukari, na mwenye kisukari akiiona kwenye sinia hugeuza uso.

Watu wa namna hiyo si wachache tena. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu wazima milioni 24 katika kanda ya Afrika walikuwa wanaishi na ugonjwa huo, na zaidi ya nusu yao hawakuwa wamepimwa. Ongeza wale walioambiwa na daktari wapunguze wanga, na wale walioamua wenyewe kupunguza uzito. Wote hao wana hamu ya kitu kitamu kama watu wengine.

Malighafi ya kuwatosheleza tunayo. Karanga zinalimwa Dodoma, Singida, Tabora, Shinyanga na Mtwara. Kakao inatoka Kyela na Rungwe mkoani Mbeya, na kiasi fulani Morogoro. Kinachokosekana ni mtu wa kuvikutanisha jikoni, akavifunga vizuri na kuvipeleka sokoni.

Mchanganyiko wenyewe si mgeni duniani. Nchini Marekani, Harry Reese, aliyewahi kufanya kazi katika mashamba ya maziwa ya kampuni ya Hershey, alianza kutengeneza peremende nyumbani kwake, na mwaka 1928 akatoa vikombe vidogo vya chokoleti vyenye siagi ya karanga ndani. Kampuni yake ilinunuliwa na Hershey mwaka 1963 kwa dola milioni 23.5. Yeye alitumia sukari bila kubania. Sisi tunazungumzia ndugu yake mdogo asiye na sukari.

Karanga kwanza

Kabla ya kufikiria kakao, angalia karanga zako. Hapa ndipo biashara hii inaweza kuua mtu, na hatutii chumvi.

Mwaka 2004 nchini Kenya, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 katika wilaya za mashariki, zikiwamo Makueni na Kitui. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Tanzania, ambako watu 20 walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga ni ndugu wa mahindi katika jambo hili, kwani kuvu hao hao huzipenda, na sumu yake ikiliwa kidogo kidogo kwa muda mrefu huleta saratani ya ini.

Kukaanga hakuiondoi. Moto wa jikoni huua kuvu lakini sumu yenyewe hubaki kwa sehemu kubwa, na ukisha kusaga hakuna atakayeiona. Kwa hiyo kazi yote ifanyike karanga zikiwa bado nzima. Mimina kwenye sinia jeupe, mahali penye mwanga, uchambue moja moja. Toa zilizonyauka, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zilizoanza kuchipua. Ulizotoa usimpe kuku wala ng’ombe, maana sumu humdhuru mnyama na nyingine hupita kwenye maziwa.

Mkulima anayetaka kuwauzia watengenezaji wa kashata hizi ana nafasi ya kupata bei nzuri akifanya mambo machache. Ang’oe kwa wakati, aanike kwenye turubai au chanja badala ya ardhini, na ahifadhi zikiwa na maganda hadi siku ya kuuza. Ile tabia ya kunyunyizia maji ili zibanguke kirahisi iachwe kabisa. Inaokoa vidole lakini inawakaribisha kuvu. Unyevu wa punje usizidi asilimia 7 au 8. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu sumukuvu isiyozidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja, na mnunuzi makini atataka cheti cha maabara kinachoonyesha hivyo.

Mbegu bora zinapatikana. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimetoa aina kama Pendo, Mangaka na Mnanje.

Kakao ipi?

Hapa wengi hudanganyika dukani. Kopo lililoandikwa chokoleti ya kunywa si kakao. Soma orodha ya viungo nyuma yake na mara nyingi utakuta sukari imetajwa ya kwanza, maana yake ndiyo nyingi kuliko vyote. Unachotafuta ni unga wa kakao mtupu, mchungu, wenye kiungo kimoja tu. Hali kadhalika siagi ya karanga ya dukani, kwani aina nyingi zimetiwa sukari. Ni nafuu na salama zaidi kusaga yako.

Aliye Kyela ana njia ya mkato. Punje zilizovundikwa kwenye majani ya migomba siku tano hadi saba, kisha zikakauka vizuri juani, zikaangwe kwa moto mdogo kwa karibu nusu saa mpaka maganda yaanze kuachia. Menya, peta, kisha twanga au saga zikiwa bado za moto. Utaona unga unageuka uji mzito unaong’aa, kwa sababu zaidi kidogo ya nusu ya punje ni mafuta. Hiyo ndiyo chokoleti tupu. Kilo moja ya punje kavu hutoa gramu 750 hadi 800 baada ya kumenya.

Ila mkulima apige hesabu kabla ya kutwanga. Bei ya kakao katika soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, na Desemba mwaka huo ikapita dola 12,000, baada ya mavuno ya Ghana na Ivory Coast kuharibika. Bei ya namna hiyo hupanda na hushuka. Msimu ambao mnada wa stakabadhi ghalani unalipa vizuri, gunia liende ghalani. Msimu ambao bei imelala, kilo chache zilizobaki nyumbani zinaweza kuingiza zaidi zikiwa kashata.

Namna ya kutengeneza

Kwa vipande 32 vya gramu 15 utahitaji siagi ya karanga gramu 300, unga wa kakao gramu 60, nazi iliyokunwa na kukaushwa gramu 60, siagi ya kakao gramu 60, chumvi nusu kijiko cha chai, na kitamu kisicho sukari kwa kuonja. Mdalasini ni hiari.

Kaanga karanga kavu kwa moto mdogo, zipoe, fikicha maganda mekundu na upete. Saga kwenye brenda kwa vipindi. Mwanzo utapata unga, baadaye donge, halafu mafuta yatatoka yenyewe na kuwa laini. Usikate tamaa ukaongeza maji. Tone moja la maji katika kakao yenye mafuta huifanya igande vibonge, na kashata yenye maji huota ukungu. Bakuli, mwiko, kisu na mikono, vyote viwe vikavu.

Yeyusha siagi ya kakao kwenye bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji ya moto, mvuke usiingie ndani. Changanya kakao, chumvi na kitamu, kisha siagi ya karanga, mwisho nazi. Tandaza kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, unene wa kidole, weka kwenye friji saa moja, kata.

Siagi ya kakao ni ghali na wengi watashawishika kutumia mafuta ya nazi badala yake. Ladha ni nzuri, lakini mafuta ya nazi huyeyuka yakifika nyuzi joto 24 hivi, na Dar es Salaam, Tanga au Mombasa joto hilo lipo karibu mwaka mzima. Kashata itakuwa nzuri kwenye friji, na uji kwenye daladala. Siagi ya kakao huvumilia hadi kama nyuzi 34. Anayeuza Mbeya, Njombe au Arusha miezi ya baridi anaweza kutumia ya nazi bila shida. Wa Pwani achague moja kati ya siagi ya kakao na kuuza kwenye duka lenye friji.

Utamu bila sukari

Asali si jibu. Karibu asilimia 80 ya asali ni sukari, na tende pia ni hivyo hivyo zikikauka. Kumwandikia mgonjwa wa kisukari “haina sukari, ina asali tu” ni kumdanganya.

Vinavyotumika zaidi ni stivia na erithritoli. Stivia hutokana na jani la mmea wa asili ya Paraguay, na wakulima wadogo wa Kericho, Kenya, wamewahi kuulima kwa mkataba. Unga wake safi ni mtamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari, hivyo ncha ya kisu hutosha, na ukizidisha unakuwa mchungu. Chumvi hupunguza uchungu huo. Angalia pakiti, kwa sababu nyingine zimejazwa maltodekstrini au glukosi, nazo ni wanga ule ule unaoukimbia. Erithritoli ina kama asilimia 70 ya utamu wa sukari. Isagwe laini kwanza, la sivyo itakwaruza ulimi kama mchanga.

Maltitoli, inayotumika katika chokoleti nyingi za nje zinazoitwa hazina sukari, hupandisha sukari ya damu, japo chini ya sukari ya kawaida, na ikiliwa nyingi huharisha. Zailitoli nayo ni sumu kali kwa mbwa.

Shirika la Afya Duniani lilishauri Mei 2023 kwamba vitamu mbadala kama stivia visitumiwe kama njia ya kupunguza uzito, ingawa ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Mwaka huo huo utafiti mmoja ulihusisha erithritoli nyingi katika damu na mshtuko wa moyo na kiharusi, bila kuthibitisha kuwa ndiyo chanzo. Kwa maoni yetu, mtengenezaji atie kidogo. Karanga zilizokaangwa vizuri zina utamu wake.

Kwa vipimo tulivyotoa, kipande kimoja kina wanga unaomeng’enywa usiofikia gramu 2. Kashata ya kawaida ya uzito huo ina gramu 8 na zaidi. Lakini kipande hicho kina kalori karibu 90 kwa sababu ya mafuta. Mtu akila vitano amekula kalori nyingi kuliko za ugali wa gramu 100 za unga. Mteja aambiwe hivyo.

Hesabu

Bei hutofautiana, kwa hiyo chukua hizi kama mfano na uweke zako. Tuseme karanga ni sh. 5,000 kwa kilo. Kwa kuwa kilo hubaki gramu 800 baada ya kuchambua na kumenya, gramu 300 zitakugharimu sh. 1,875. Kakao ya sh. 40,000 kwa kilo itakula sh. 2,400, nazi sh. 900, siagi ya kakao ya sh. 60,000 kwa kilo sh. 3,600, kitamu sh. 1,000, moto sh. 1,000, na vifungashio vinane vya sh. 300 ni sh. 2,400. Jumla sh. 13,175, au karibu sh. 1,650 kwa pakiti ya vipande vinne.

Ukiuza mwenyewe kwa sh. 2,500 utapata sh. 20,000 na kubakiwa na sh. 6,825. Ukimpa mwenye duka sh. 500 kwa kila pakiti, kinachobaki ni sh. 2,825 tu, na hapo hujajilipa jasho lako wala nauli. Ukitumia mafuta ya nazi ya sh. 12,000 kwa kilo, gharama ya pakiti inashuka hadi karibu sh. 1,290. Ndiyo maana tunasema anayeanza auze moja kwa moja kwa mteja, kwa oda, na asikimbilie supamaketi.

Zingatia pia vifungashio. Vinagharimu kuliko karanga zenyewe. Kununua kwa jumla, wajasiriamali watatu au wanne kwa pamoja, ndiyo nafuu ya haraka kuliko zote.

Kibali na lebo

Kwa Tanzania, usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu mwaka 2019, jukumu lilipohamishwa kutoka iliyokuwa TFDA. Mjasiriamali mdogo aanzie ofisi ya SIDO ya mkoa wake, ambako hupata mafunzo na barua ya utambulisho ya kupeleka TBS.

Lebo ieleze viungo vyote, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa kutumika, na neno KARANGA lionekane wazi, kwa kuwa wapo ambao karanga huwadhuru vibaya. Usiandike kwamba inatibu kisukari. Haitibu.

Na mgonjwa anayetumia insulini, sukari yake ikishuka ghafla, akaanza kutetemeka na kutoka jasho, asipewe kashata hii. Wakati huo anahitaji sukari halisi, glukosi au soda ya kawaida, na mafuta ya karanga yatamchelewesha. Ujumbe huo unaingia kwenye mstari mmoja nyuma ya pakiti.