Nyumbanitu: Msitu Uliotunzwa kwa Mwiko

Msafiri atokaye Lyamkena, mjini Makambako, na kushika barabara ya kwenda Njombe, hupita katika nchi ambayo karibu kila mti wake umepandwa na mtu. Misindano imesimama kwa safu, mikaratusi imezunguka nyumba, na miwati, ambayo kampuni ya Tanganyika Wattle ilianza kuishughulikia mwaka 1949 kwa ajili ya magome yatoayo dawa ya kutengenezea ngozi, imeenea hata kwenye mabonde. Baina yake ni mashamba ya mahindi na viazi, na majani mafupi ya nyanda za juu. Kwa hiyo msitu wa asili, pale unapobaki, huonekana kwa mbali kama doa jeusi.

Mojawapo ya madoa hayo ni Nyumbanitu, msitu wa kijiji cha Mlevela, wilayani Wanging'ombe. Kwa Kibena jina hilo maana yake ni "nyumba nyeusi". Ndani yake mna mapango, na masimulizi ya Wabena yasema kwamba wakati wa vita vya zamani watu walijificha humo. Ni mahali pa matambiko. Mgeni haingii mpaka wazee wenye dhamana wampe ruhusa na kumwongoza, na miti yake haikatwi. Husimuliwa pia habari za kuku weusi waishio humo bila mwenyewe. Mwalimu wa bayolojia asiicheke habari hiyo: namna kuku wanavyoweza kuishi vizazi kwa vizazi bila kufugwa ni swali zuri la elimu ya urithi, almuradi mwulizaji aanzie kwa wazee.

Swali kubwa zaidi, hata hivyo, ni la msitu wenyewe. Je, misitu ya namna hii ni mabaki ya msitu mkubwa uliofunika nyanda hizi kabla ya majembe na moto? Au iliota juu ya majani kwa sababu watu walikaa hapo, kisha wakapakataza?

Kwa muda mrefu jibu la kwanza lilikubaliwa bila kupimwa. Nchini Guinea, katika wilaya ya Kissidougou, maofisa wa kikoloni waliona vijiji vimezungukwa na visiwa vya miti katikati ya majani, wakahukumu kuwa wanakijiji wameteketeza msitu na kubakiza vipande. James Fairhead na Melissa Leach walilinganisha picha zilizopigwa kutoka angani miaka mbalimbali, wakasikiliza na masimulizi ya wazee. Katika kitabu chao cha mwaka 1996 walionyesha kwamba mengi ya mambo yalikuwa kinyume: vijiji ndivyo vilivyoiotesha misitu hiyo, kwa samadi, kwa kulima, na kwa kuzuia moto.

Haifai kuhamisha jibu la Guinea na kulipachika Njombe. Linalofaa kuhamishwa ni swali, na udongo waweza kulijibu. Miti karibu yote huitumia hewa ya ukaa kwa njia moja, na majani ya nchi ya joto kwa njia nyingine. Kwa sababu hiyo kiasi cha kaboni 13, ile kaboni nzito kidogo kuliko ya kawaida, hutofautiana katika mimea hiyo. Kwa kipimo cha wataalamu, miti huwa karibu na 27 chini ya sifuri katika kila elfu, na majani hayo karibu na 12 chini ya sifuri. Mmea ukioza, alama yake hubaki udongoni. Mchimbaji akichukua udongo wa juu, kisha wa nusu mita, kisha wa mita moja, anaweza kusoma kama miti ilitangulia majani au majani yalitangulia miti. Umri wa kila tabaka hukadiriwa kwa kaboni 14, ambayo nusu yake huisha kila baada ya miaka 5,730 hivi.

Ipo tahadhari moja. Mahindi, mtama na ulezi ni jamaa za majani hayo, na shamba la ulezi huacha alama ileile. Hapo ndipo mkaa, vigae vya vyungu na chembe za chavua huhitajika, na hapo ndipo mtaalamu wa mimea na mtaalamu wa mambo ya kale hulazimika kuingia katika shimo moja.

Hayo yote yategemea tabaka za udongo kubaki zilivyolala. Katika sehemu nyingi za nchi zimeenea hadithi za mali iliyofichwa na Wajerumani, na watu huchimba usiku mapangoni na chini ya miti mikubwa wakitafuta rupia. Mara nyingi hawapati kitu, lakini shimo la usiku mmoja huchanganya udongo wa miaka elfu na udongo wa jana, wala hakuna chombo cha maabara kiwezacho kuupanga tena. Kigae kilichotolewa mahali pake na kuwekwa kabatini, hata kwa nia njema, nacho kimepoteza sehemu kubwa ya habari zake.

Sheria zipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, hulinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na uchimbaji wa kitaalamu huhitaji kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 huviruhusu vijiji kutenga misitu yao na kuitungia sheria ndogo. Hata hivyo, zote mbili ni changa mno mbele ya mwiko. Ikithibitika kwamba msitu fulani ulikua kwa sababu ya mwiko, basi kuweka uzio na mlinzi huku wazee wakisukumwa kando kutakuwa ni kuondoa kile kilichouleta msitu.

Wenzetu wa pwani ya Kenya wamelijaribu jambo hili. Misitu ya kaya ya Wamijikenda, yenye mabaki ya vijiji vyenye maboma ambavyo inasadikiwa vilianza karne ya 16, iliachwa kukaliwa kufikia miaka ya 1940, lakini makatazo ya wazee yalibaki. Mwaka 2008 kaya kadhaa ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia, kwa misitu yake, kwa magofu yake na kwa desturi zake pamoja.

Kwamba wenyeji hujua mambo ambayo vitabu havijui, Nyanda za Juu Kusini zimekwisha kutoa ushahidi. Wawindaji wa milima ya Rungwe walikuwa wakimtaja nyani mwoga aitwaye kipunji. Watafiti waliyafuatilia maneno hayo, wakamwona mwaka 2003. Mwaka 2005 akatangazwa kuwa spishi mpya, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake, jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika tangu mwaka 1923.

Wanafunzi wa Lyamkena hawahitaji maabara ili kuanza. Daftari moja latosha: majina ya Kibena ya miti, kila mmoja na matumizi yake, na jina la mwiko unaoulinda, yaandikwe kutoka kwa wazee wenyewe na kwa ridhaa yao. Mpaka wa msitu waweza kupimwa kwa hatua, kutoka nje, mwaka hadi mwaka, ili ijulikane kama unasonga mbele au unarudi nyuma. Kigae kikionekana njiani, kichorwe, mahali pake paandikwe, kisha kiachwe pale pale.