Dar hadi Mwanza: hiyo "saa moja na nusu" isikudanganye

Wadau, kila mtu ukimuuliza Dar mpaka Mwanza ni mbali kiasi gani kwa ndege anakujibu haraka: saa moja na nusu tu. Jibu hilo ndilo lililomkosesha mzee wangu mazishi ya dada yake.

Kwanza umbali. Kwa barabara unapita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Shinyanga, na mpaka unaingia Mwanza umemaliza kilometa zaidi ya 1,100. Ndege haina habari na Dodoma wala Nzega, inakata moja kwa moja na umbali unabaki kama kilometa 850 hivi.

Sasa muda. Ndege ya jeti kama Airbus A220 ikishatulia juu inakwenda kilometa 800 na ushee kwa saa, kwa hiyo ukipiga hesabu unapata kama saa moja. Nusu saa nyingine inatoka wapi? Muda wa kwenye tiketi unaanza ndege inapoondoka ilipoegeshwa mpaka inapoegeshwa tena. Humo kuna kuzunguka uwanjani, kupanda taratibu, kushuka taratibu na kusubiri zamu ya kutua. Ukipangiwa ile ya mapangaboi, Dash 8, hiyo ni ya polepole, weka kama masaa mawili.

Turudi kwa mzee. Familia tulichangishana tukamkatia tiketi ya 13:00, yaani saa 7 mchana (na hapo pia kuwa makini, tiketi haisomi saa za Kiswahili, 07:00 ni saa 1 asubuhi!). Mazishi yalikuwa saa 10 jioni. Akapiga hesabu: saa 7 kuondoka, saa 8 na nusu kutua, anawahi vizuri kabisa. Akatoka Kimara saa 5 na nusu. Si mnaijua foleni ya Mandela kuelekea Tazara? Akafika uwanjani saa 6 na dakika 25, kaunta imefungwa. Ndege bado ipo, anaiona, lakini haendi popote. Kaunta nyingi zinafungwa dakika 40 mpaka saa nzima kabla ya kuruka. Alisafiri kesho yake, akakuta kaburi limeshafukiwa.

Kwa hiyo hesabu ya kweli ni mlango kwa mlango. Saa moja ya foleni, mawili ya kuwa uwanjani mapema, moja na nusu ya ndege, halafu begi na kuingia mjini, maana uwanja wa Mwanza nao uko nje ya mji karibu kilometa 10. Jumla unakaribia masaa sita. Basi ni masaa 16 mpaka 20, na tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, unaweza kuondoka jioni.

Kidogo tu kwa wanaokwenda Kigali: kule wako nyuma yetu saa moja. Ukisoma tiketi utaona safari ya kwenda ni fupi na ya kurudi ni ndefu. Ndege ni ile ile, saa za ukutani ndizo tofauti.

Wadau mlioko Mwanza, kwa msiba wa ghafla nyie mnapanda nini? Mzee mpaka leo anasema bora angepanda basi la usiku uliotangulia.