Karatasi: asilimia inapanda, viwanda vinafungwa

Kila mwezi Benki Kuu ya Marekani hutoa ripoti ya G.17, na ndani yake bidhaa za misitu zimo katika makundi mawili: mazao ya mbao na karatasi. Kila kundi lina namba tatu. Uzalishaji hupimwa kwa fahirisi ambayo mwaka 2017 ni 100. Uwezo ni kiwango cha juu ambacho viwanda vinaweza kukidumisha kwa ratiba ya kawaida ya kazi, muda wa matengenezo ukishatolewa na malighafi zikiwapo. Matumizi ya uwezo ni namba ya kwanza kugawanywa kwa ya pili, kwa asilimia.

Wengi hukimbilia hiyo ya tatu, nayo ndiyo inayopotosha kwa urahisi.

Tuchukue namba za mfano. Uzalishaji ni 82 na uwezo ni 100, hivyo matumizi ni asilimia 82. Viwanda kadhaa vikifungwa, uwezo ukashuka hadi 94 na uzalishaji hadi 79, matumizi yanakuwa asilimia 84. Karatasi iliyotengenezwa imepungua kwa asilimia 3.7, ilhali kipimo kimepanda kwa pointi 2.

Viwanda vyenyewe vinafungwa kweli. Agosti 2025 kampuni ya International Paper ilitangaza kufunga viwanda vyake vya Savannah na Riceboro, jimboni Georgia, vyenye uwezo wa tani milioni 1.4 za karatasi ya maboksi kwa mwaka. Tani ya Marekani ni kilo 907, kwa hiyo kwa vipimo vyetu ni kama tani milioni 1.27. Ajira zilizoguswa ni takriban 1,100. Ukigawanya unapata tani 1,155 kwa kila mfanyakazi kwa mwaka, zaidi ya tani 3 kwa siku. Hesabu hii ni ya juujuu: kati ya hao 1,100 wamo pia watu wa kiwanda cha vifungashio na wa kituo cha mbao vilivyofungwa pamoja. Wenye mashamba ya misonobari na madereva wa malori ya magogo, waliotegemea mashine hizohizo, hawamo kabisa.

Kasoro nyingine iko kwenye kigawanyo. Uzalishaji hukadiriwa mwezi kwa mwezi, lakini makadirio ya uwezo ni ya mwaka, na miezi ya katikati hujazwa kwa hesabu. Mashine iliyozimwa siku moja inaweza kuonekana kana kwamba ilififia polepole, hadi marekebisho yatoke.

Anayetaka kujua hali ya viwanda hivi aanze na safu ya uwezo, kisha ya uzalishaji. Asilimia ya matumizi isitangazwe bila hizo mbili.