Wapagazi wa vita waliosahauliwa: Nani atayataja majina yao?

MSAFIRI atokaye Kitengela kuelekea Namanga hupitia Isinya, mji wa Kajiado na Bissil, akitazama mifugo, malori na viwanja vilivyotiwa ua. Ni wachache hukumbuka kwamba safari hiyo huishia karibu na uwanja wa vita.

Mnamo Novemba 3, 1914, jeshi la Uingereza lililojaa askari kutoka India lilishambulia ngome ya Wajerumani katika mlima wa Longido, ng'ambo ya mpaka wa Namanga. Lilishindwa, likarudi nyuma. Machi 1916, upande huo huo ulitumiwa tena kulivamia koloni la Wajerumani, ambalo leo ni Tanzania Bara.

Vita hivyo viliendelea hadi 1918. Mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo, na hivyo chakula, risasi na dawa vikabebwa na wanadamu. Kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, ndicho kilichozaa majina ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa.

Kila Novemba, baadhi ya makanisa hutenga Jumapili ya kuwaombea waliokufa vitani. Andiko linalosomwa mara nyingi ni Yohana 15:13, kuhusu upendo wa mtu autoaye uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Lakini andiko hilo lamhusu anayejitoa, si anayetolewa. Sheria ya ukoloni ya mwaka 1915 iliruhusu wanaume kuchukuliwa kwa nguvu kubeba mizigo. Kuuita msiba wao sadaka ya hiari ni kumsafisha aliyewatoa kafara.

Hata hivyo, kujitoa kulikuwapo. Mwaka 1917, waumini wa misheni za Kikuyu waliunda kikosi chao cha wapagazi chini ya Dkt John Arthur, mmishonari wa Kiskoti. Wengi waliona afadhali kwenda na kiongozi waliyemjua kuliko kukamatwa. Huenda alikuwapo pia mpagazi asiyejulikana aliyemgawia mwenzake mgonjwa maji yake ya mwisho. Huyo ndiye anayeguswa na maneno ya Yesu, hata kama vita vyenyewe havikuwa vyake.

Katika barabara ya Kenyatta, Nairobi, zipo sanamu za shaba za askari na mpagazi Waafrika. Maandishi yake yanaahidi kwamba apiganiaye nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ajabu ni kwamba hakuna hata jina moja la marehemu lililochongwa hapo.

Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi. Ripoti yake ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa Mkristo, hilo si jambo dogo. Katika Isaya 56:5, Mungu anawaahidi waliotengwa jina la kudumu nyumbani mwake. Naye Yoshua bin Sira, katika sura ya 44, anawasifu mababu wenye sifa, kisha anawataja wale wasioachiwa ukumbusho wowote. Mungu hawasahau, wanaosahau ni wanadamu.

Kitengela ya leo imekusanya watu wa jamii nyingi, wakiwamo wajukuu na vitukuu wa Wakamba, Wakikuyu na Waluo waliobebeshwa mizigo hiyo. Wazee wanaoyakumbuka majina ya waliokwenda wasirudi wanazidi kupungua. Kila parokia inaweza kuanza na daftari moja: jina la aliyekwenda, kijiji alikotoka, na neno "hakurudi". Kisha, Jumapili ya kumbukumbu ifikapo, majina hayo yasomwe kwa sauti mbele ya madhabahu kabla ya kuimbwa wimbo wowote wa ushindi.